Kaliba gani ya bastola inakufaa: mwongozo kamili wa kujilinda na kulenga shabaha kwa watu wa Mbeya, Iringa na Njombe

Habari zenu ndugu zangu wa nyanda za juu kusini, kamwene kwa wa Iringa na ugonile kwa wa Tukuyu. Swali la kaliba, yaani unene wa risasi ya bastola, naulizwa sana na wenye maduka ya jumla pale Mwanjelwa, wanunuzi wa dhahabu wa Chunya, wauza mbao wa Mafinga, siku hizi hadi wakulima wa parachichi wa Njombe, na karibu wote wanauliza kitu kilekile: ipi ina nguvu zaidi? Mi nawajibu kwamba nguvu iko nyuma kabisa kwenye foleni. Kaliba nzuri ni ile ambayo leseni yako inaitambua, risasi zake unazipata bila kuhangaika, mkono wako unaimudu, alafu ukipiga inatua pale ulipolenga na inaishia hapo, haiendi kwa jirani. Ukizipima zote kwa vigezo hivyo, kwa utaratibu huo, utashangaa orodha inavyopungua yenyewe.

Naandika kwa kirefu kwa sababu bastola haibadilishwi kama simu, ukishakosea kaliba unakaa nayo miaka.

Anza na kazi kabla ya namba

Kaa chini ujiulize bastola itafanya nini hasa. Kulinda familia nyumbani usiku ni kazi moja, kusafiri na hela za mauzo kutoka Kyela kupandisha Mbeya ni kazi nyingine, kulenga shabaha mwisho wa wiki kama mchezo ni ya tatu. Kufukuza nguruwe pori na ngedere shambani sio kazi ya bastola kabisa, hiyo ni ya shotigani au raifo na leseni yake, usije ukanunua bastola kubwa kwa kisingizio cha nguruwe.

Mchezo wa shabaha unataka risasi laini, ya bei nafuu, isiyorusha mkono, maana utapiga nyingi sana. Kujilinda kunataka risasi isiyogoma na inayopenya vya kutosha, basi. Hizo kazi mbili zinavutana, na mtu mwenye leseni ya bastola moja tu ndo lazima atafute katikati. Hilo la katikati tutalifikia.

Leseni inatangulia

Kwa Tanzania silaha za raia zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na maombi yanaanzia chini, kwa serikali yako ya mtaa au kijiji, yanapanda polisi wilayani na kuendelea. Wanataka kujua wewe ni nani, kwa nini unahitaji silaha, na utaitunza wapi. Sasa watu wanasahau kitu kimoja, silaha inaandikwa kwenye leseni na aina yake, namba yake na kaliba yake, na risasi unanunua kwa kuonyesha leseni hiyo kwa muuzaji aliyeruhusiwa. Kwaiyo kaliba sio jambo la kuamua dukani ukiwa tayari umeshika hela mkononi, ni jambo la kuamua kabla hujajaza fomu.

Kabla hujalipa chochote, mpigie muuzaji wa risasi umuulize swali moja tu: kwa mwaka mzima uliopita ni risasi gani hazijawahi kuisha kwako? Jibu lake lina uzito kuliko video zote unazoangalia. Bastola nzuri ya kaliba adimu inakaa kwenye sefu na risasi chache za kuhesabu ambazo mwenyewe anaogopa kuzipiga mazoezini, na mtu asiyefanya mazoezi hana silaha, ana mzigo wa kulindwa.

Alafu mtu akikwambia anayo bastola "ya haraka", haina karatasi, bei poa, ondoka hapo. Hiyo ni kesi, na huwezi kujua huko nyuma imefanya nini.

Kuelewa majina, maana hapa ndo watu wanaumia

Kaliba kwa lugha nyepesi ni unene wa kichwa cha risasi, au upana wa tundu la mtutu. Wamarekani wanaandika kwa sehemu ya inchi, kwaiyo .22 au .45, Wazungu wa Ulaya wanaandika kwa milimita na mara nyingi wanaongeza urefu wa ganda, kwaiyo 9x19 maana yake kichwa cha milimita 9 na ganda la milimita 19. Ila majina mengi ni ya kibiashara tu. .38 Special kwa mfano, kichwa chake ni inchi .357, sio .38, ndo maana rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya .357 Magnum inaweza kupiga risasi za .38 Special bila shida. Kinyume chake hapana, .357 ina ganda refu zaidi na moto mkubwa zaidi, rivolva ya .38 haikutengenezwa kubeba hiyo.

Hatari kubwa iko kwenye neno "tisa". Mtu anasema nina tisa, na tisa ziko angalau tatu mtaani. Kuna 9x19, inaitwa pia 9mm Luger au Parabellum, hiyo ndo ya kawaida duniani. Kuna 9x17, inaitwa .380 au tisa fupi. Na kuna 9x18 Makarov ya Warusi, ambayo kichwa chake kina milimita 9.27 wakati 9x19 ina milimita 9.01 hivi. Tofauti ya robo ya milimita huioni kwa macho lakini mtutu unaiona.

Chukua risasi moja, igeuze uangalie kitako. Kwenye ukingo wa kitako kuna maandishi yamegongwa kwenye shaba, madogo, huenda ukahitaji tochi ya simu: jina au alama ya kiwanda upande mmoja, kaliba upande mwingine. Ikiwa imeandikwa 9mm Luger au 9x19 hiyo ni moja, 380 Auto ni nyingine, na za kijeshi mara nyingine zina mwaka na alama ya kiwanda tu, hamna kaliba, hizo usizikubali kwa kukisia. Alafu angalia ubavu wa mtutu wa bastola yako, pale tundu la kutolea maganda lilipo, nako kumeandikwa kaliba. Maneno ya sehemu hizo mbili yafanane. Yasipofanana, hata kama risasi imeingia vizuri, itoe. Ya .380 inaweza kuzama kwenye chemba (pale risasi inapokaa) ya 9x19 na ukadhani inafaa kumbe inaelea.

Kaliba moja moja

.22 Long Rifle ni ya mwaka 1887, ndogo, kichwa chake ni kama gramu 2.6, haina teke la maana (msukumo wa kurudi mkononi), na kwa kawaida ndo risasi ya bei ya chini kuliko zote. Kwa shabaha hii ni mfalme, mashindano ya Olimpiki ya bastola mita 25 yanatumia hii. Ubaya wake ni kwamba baruti inawashwa kwenye ukingo wa kitako, sio katikati, na kemikali ya kuwashia wakati mwingine haijasambaa vizuri humo ukingoni, kwaiyo inagoma mara nyingi kuliko risasi za kiini katikati, yaani zinazowashwa katikati ya kitako. Renji, yaani kwenye uwanja wa shabaha, ikigoma unacheka unaendelea, saa nane usiku mlangoni kwako sio pa kucheka.

6.35 na 7.65, yaani .25 na .32, ni za bastola ndogo za mfukoni za zamani, 7.65 imetoka mwaka 1899 na 6.35 mwaka 1905, zote kazi ya John Browning. Bado zipo kwa wazee waliorithi. Kama umerithi na karatasi zake ziko sawa haina ubaya, ila kuanza upya nazo leo sioni sababu, risasi zake kuzipata ni mtihani.

.380 nayo ni ya Browning, mwaka 1908. Iko chini ya 9x19, inafaa kwa bastola ndogo nyembamba. Kwa mtu mwenye mikono dhaifu naikubali, kwa masharti: bastola isiwe ndogo kupita kiasi.

.38 Special imetoka Smith & Wesson mwishoni mwa miaka ya 1890 na mpaka leo haijafa, kwa sababu rivolva ni kifaa rahisi, haina slaidi (ile sehemu ya juu ya bastola) ya kuvuta, haina magazini ya kusahau, risasi ikigoma unavuta triga tena inakuja nyingine. Inabeba risasi 5 au 6, hilo ndo kasoro lake. .357 Magnum ya miaka ya 1930 ina nguvu kubwa sana, na kelele na mwanga wake ndani ya chumba kidogo gizani ni kitu cha kukuacha hujui uko wapi, mi simshauri mtu wa nyumbani.

9x19 ilibuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa miaka ya 1900, jeshi la majini la Ujerumani likaichukua mwaka 1904, leo ndo risasi ya bastola ya majeshi na polisi wengi zaidi duniani. Hapo ndo upatikanaji wake unapotoka. Kichwa ni gramu 7.5 mpaka 9.5, magazini za kawaida zinabeba 15 hadi 17, na karibu kila kiwanda cha bastola kinaitengenezea.

.40 Smith & Wesson ni ya mwaka 1990 na ina hadithi nitaieleza. .45 ni ya Browning tena, mwanzoni mwa miaka ya 1900, jeshi la Marekani waliichukua mwaka 1911 na bastola ya Colt. Kichwa kizito gramu 15 kinaenda taratibu. Risasi nzuri kabisa, lakini ni nzito kubeba, magazini inabeba chache, na kuzipata huku kwetu sio sawa na kupata tisa.

Kuna pia 7.62x25 ya Tokarev, inaenda kasi sana na inapenya sana, na sio ya kutafuta kwa matumizi ya nyumbani. Sababu iko kwenye kuta.

Hadithi ya FBI

Tarehe 11 Aprili 1986 kule Miami, maofisa wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki. Risasi moja ya 9mm ilimpata jambazi mmoja mapema, ikapita kwenye mkono ikaingia kifuani ikasimama kabla ya kufika moyoni, na yule mtu akaendelea kupiga. Maofisa wawili walikufa, watano wakajeruhiwa. FBI wakaamua tatizo ni risasi, wakachukua milimita 10, ikawa kali mno kwa maofisa wengi, ikazaliwa .40 kama milimita 10 iliyopunguzwa. Polisi wa Marekani wakahamia huko kwa makundi. Kufikia mwaka 2016 FBI haohao walikuwa wamesharudi 9x19, kwa sababu vichwa vya risasi vilikuwa vimeboreshwa na wakaona maofisa wao wengi wanapiga kwa kasi na kwa uhakika zaidi wakiwa na tisa kuliko na .40.

Kilichobaki kutoka pale ni kipimo kizuri ambacho hata wewe unaweza kukitumia ukisoma boksi la risasi: kwenye jelatini ya majaribio, inayofanana na nyama, risasi ya kujilinda ipenye sentimita 30 hadi 45. Chini ya hapo ni haba, juu ya hapo inatoka upande wa pili na safari inaendelea. 9x19, .40 na .45 zenye vichwa vizuri zote zinaingia ndani ya kipimo hicho. Kwaiyo ubishi wa tisa na arobaini na tano ambao watu wanaufanya mpaka bia zinapata joto, kwa mwili wa binadamu tofauti yake ni ndogo kuliko tofauti ya kupata shabaha na kukosa.

Na sisi watu wa huku tunalijua hili tangu zamani, pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 msafara wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, ulikuwa na bunduki za kisasa na ukamalizwa na Wahehe wengi wao wakiwa na mikuki, kwa sababu silaha za Wajerumani hazikuwa tayari na mikuki ilikuwa tayari.

Angalia kuta zako

Hili ndo jambo ambalo miongozo ya Wazungu haikusaidii. Nenda Mafinga, Makambako, Njombe, nyumba na mabanda mengi yamejengwa kwa mabanzi na bati. Banzi halizuii risasi ya bastola ya aina yoyote, hata .22 inapita. Bati ndo usiseme. Tofali la kuchoma lililojengwa vizuri linazuia au linapunguza sana, tofali la tope lisilochomwa inategemea unene, dirisha na mlango wa mbao havizuii chochote. Ukipiga ukakosa, au ikapita mwilini, inaenda kwa jirani ambaye kitanda chake kiko upande wa pili wa ukuta huo.

Kwaiyo zunguka nyumba yako mchana. Simama pale ambapo ungesimama usiku, angalia kila upande, jiulize nyuma ya pale kuna nini. Upande wenye ukuta wa tofali na kilima nyuma yake ni upande mmoja, upande wa chumba cha watoto au uzio wa mabanzi na nyumba ya jirani ni upande ambao hupigi hata iweje. Ukimaliza huo mzunguko, hamu ya kaliba inayopenya sana itakuwa imekuisha. Na tochi iwe karibu na bastola muda wote, umeme ukikatika kivuli mlangoni kinaweza kuwa kijana wako amechelewa kurudi.

Kanuni ya Adhabu inakuruhusu kujitetea, ila kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Mwizi anayekimbia na kuku sio hatari ya kupigiwa risasi.

Pima mkono wako

Teke la risasi unaweza kulikadiria kwa hesabu rahisi, zidisha uzito wa kichwa kwa gramu na spidi yake kwa mita kwa sekunde, vyote vimeandikwa kwenye boksi au kwenye karatasi ya kiwanda. .22 inakupa kama 780, .380 kama 1,800, .38 Special kama 2,400, 9x19 kama 2,700, .40 kama 3,500, .45 kama 3,800. Namba ikipanda, mkono unarushwa zaidi. Alafu ugawe kichwani kwa uzito wa bastola, maana bastola nzito inalimeza teke na nyepesi inakupa lote. Ndo maana tisa ndani ya bastola ndogo ya mfukoni inauma kuliko .45 ndani ya bastola kubwa ya chuma, na watu wananunua ndogo wakidhani ndo rahisi.

Kuna mama mmoja mfanyabiashara wa mbao alitaka bastola, mdogo wake akamshauri .45. Nikamwambia, shikamoo mama, kabla ya kuongelea nguvu hebu vuta slaidi ya hii, haina kitu ndani, tumeangalia wote wawili. Akaivuta ikafika nusu ikamrudia. Akasema, "Mwanangu, springi hii imefungwa na nani?" Tukajaribu tisa ya ukubwa wa kati, akaivuta kwa kusukuma kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiwa umeishika slaidi juu, ikafunguka. Hapo hatukuongelea .45 tena.

Wewe pia jaribu hivyo dukani. Kwanza toa magazini, fungua slaidi, angalia chemba kwa macho na uguse kwa kidole kidogo, muuzaji naye aangalie. Elekeza mtutu pasipo na mtu. Sasa vuta slaidi mara kumi mfululizo, ukichoka kabla ya kumi hiyo bastola au springi yake sio yako. Shika kama unapiga, kidole cha shahada kifike kwenye triga kwa pedi ya mwanzo bila kulazimisha mkono kuzunguka mpini. Bonyeza kitufe cha kutoa magazini bila kubadilisha mshiko. Ukibaki na hamu, weka sarafu ya shilingi mia juu ya slaidi karibu na kilengeo cha mbele, vuta triga taratibu, sarafu isianguke. Ila hilo la kuvuta triga bila risasi usilifanye kwa bastola ya .22 hadi muuzaji akubali, nyingi za zamani pini yake inagonga ukingo wa chemba ikaharibika.

Na baridi ya Juni na Julai kule Njombe na Makete inafanya vidole vikakaza, ukitaka kujua ukweli wa mshiko wako jaribu asubuhi hiyo, sio mchana.

Kichwa cha risasi

Ndani ya kaliba moja kuna vichwa tofauti, na tofauti hii mara nyingine ni kubwa kuliko ya kaliba na kaliba. Kichwa cha duara kilichofunikwa chote na shaba ni cha mazoezi, bei ndogo, kinapenya sana, kinatoka upande wa pili. Kichwa chenye shimo mbele kinafunguka kikigonga kitu laini, kinapunguza spidi na kinabaki mwilini mara nyingi zaidi, kwaiyo ni salama zaidi kwa walioko nyuma. Mkataba wa Hague wa mwaka 1899 uliikataza kwa vita, haugusi polisi na raia, ila sheria za nchi na masharti ya leseni ndo ya kufuata, muulize ofisa aliyekupa leseni kama unaruhusiwa aina hiyo kabla ya kuagiza. Huku kwenye makoti mazito kumbuka shimo linaweza kuzibwa na nyuzi za nguo na risasi ikatenda kama ya kawaida, ndo maana kipimo cha FBI kinajumuisha nguo nzito.

Kwa .380 na chini ya hapo, vichwa vya shimo mara nyingi havipenyi vya kutosha, huko wengi wanatumia kichwa cha kawaida. Kwa 9x19 nenda na gramu 8 au 9.5, zinatulia mkononi.

Kama lengo lako ni shabaha

Hapa sina mzunguko: anza na .22. Mtu aliyeanza na .45 anajifunza kufumba macho kabla ya mlio, na kulitoa hilo mwilini ni kazi ngumu. Ukianza na .22 unajifunza kulenga, kupumua na kuvuta triga bila woga, ukienda tisa unabakiwa na jambo moja tu la kuzoea. Mashindano ya kasi ya IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, yanaanzia 9x19, na yale ya mita 25 ya risasi za kiini katikati yanaruhusu kaliba za kati ya milimita 7.62 na 9.65, kwaiyo tisa inaingia kote kuwili.

Mazoezi ufanyie pale tu polisi waliokupa leseni wanaporuhusu, sio shambani kwako kwa sababu ni kwako. Mwinuko wetu wa mita 1,500 hadi 2,000 hauna athari kwa bastola ya mita 25, usihangaike nao. Kinachohusika ni kilichopo nyuma ya shabaha. Iringa imejaa miamba, kila mtu anaijua Gangilonga, na risasi ya .22 yenye kichwa laini cha madini ya risasi ikigonga mwamba inarudi au inaruka pembeni vibaya sana. Nyuma ya shabaha kuwe na tuta la udongo mzito usio na mawe.

Masikioni vaa vikinga siku zote, bastola yoyote inapita desibeli 140 na hapo sikio linaumia kwa mlio mmoja, wa .22 ukiwemo. Na miwani. Ukisikia mlio dhaifu, kama "pufu" badala ya "pa", simama hapohapo, toa risasi zote, angalia mtutu kama kichwa kimekwama ndani. Ukipiga nyingine juu ya iliyokwama mtutu unapasuka mkononi.

Ningechagua nini

Mtu mzima mwenye afya, bastola moja tu kwenye leseni, nyumbani na mchezo kidogo: 9x19 ya ukubwa wa kati, ya chuma au plastiki nzito, sio ya mfukoni. Mtu wa mikono dhaifu au asiye na muda wa mazoezi mengi: rivolva ya .38 Special yenye mtutu wa inchi 3 au 4, apige risasi laini. Mpenzi wa shabaha: .22, na tisa baadaye kama ataruhusiwa ya pili. .40 na .45 ziache kwa mtu ambaye tayari anapiga vizuri na ana uhakika wa risasi.

Utunzaji kwa hali ya hewa yetu

Tukuyu na Rungwe mvua hainyamazi, ukungu wa Makete unaingia hadi ndani ya kabati. Holsta ya ngozi ni ya kubebea tu, ngozi inashika maji na bastola iliyolala humo wiki nzima inaota kutu upande unaogusa. Ilale kwenye sefu iliyofungwa ukutani, risasi kwenye boksi lake na kufuli lake, na zile pakti ndogo za kunyonya unyevu zinazokuja na viatu vipya zitupie humo, zibadilishe mara kwa mara. Futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, mafuta mengi yanaingia kwenye kitako cha risasi na kuua kiwashio. Kama una kaliba mbili, maboksi yasikae rafu moja. Na risasi zilizokaa kwenye magazini mwaka mzima, zenye madoa ya kijani kwenye ganda, usizipige, zirudishe polisi au kwa muuzaji, zile safi zipeleke mazoezini uweke mpya.